Tathmini ya Usonji: Yanayofanyika Chumbani na Yale Tunayohitaji Kutoka Kwenu

Wazazi wengi wanaofika katika kliniki yetu ndogo hapa Mombasa huja na swali moja ambalo wangependa lijibiwe siku hiyo hiyo: mtoto wetu ana usonji au hana? Ni swali la haki, na wengine wamekaa nalo kwa miaka. Hata hivyo, hakuna kipimo cha damu, cha mkojo wala picha ya ubongo inayoweza kulijibu. Usonji hutambuliwa kwa kutazama jinsi mtu anavyowasiliana, anavyocheza, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mguso, kisha kuyapima hayo yote dhidi ya historia ya makuzi yake tangu uchanga. Kwa hiyo anayewaahidi jibu la uhakika baada ya dakika ishirini, au kwa kupeleka nywele za mtoto maabara, anawauzia kitu kingine.

Vigezo tunavyofuata ni vile vya mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, uliotolewa mwaka 2013 na kurekebishwa 2022, ambao unakaribiana sana na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Upande wa kwanza unahusu mawasiliano na mahusiano, yaani kupokezana mazungumzo na hisia, kutumia na kuelewa ishara za mwili na uso, na kujenga urafiki unaolingana na umri. Katika yote matatu lazima ugumu uonekane. Upande wa pili unahusu mienendo, na hapo yanatakiwa angalau mambo mawili kati ya manne: kurudiarudia miondoko au maneno, kung'ang'ania utaratibu usiobadilika, kuvutiwa na jambo moja kupita kiasi, na kuhisi kupita kawaida au chini ya kawaida. Dalili ziwe zilianza utotoni, hata kama hazikuonekana wazi hadi maisha yalipozidi kuwa magumu, na ziwe zinaathiri shughuli za kila siku. Wenye ripoti za zamani zilizoandikwa Asperger wasishtuke wakiona jina hilo halimo tena katika ripoti mpya, kwani tangu mwaka 2013 mwongozo huo umeliingiza ndani ya usonji.

Kabla ya hayo yote, tunaomba masikio yapimwe. Mtoto asiyeitika akiitwa huenda hasikii vizuri, na maambukizi ya sikio yanayojirudia yanaweza kupunguza usikivu polepole bila mtu yeyote nyumbani kutambua. Tunauliza pia kuhusu degedege na kifafa, kwa sababu kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine, na kuhusu malaria kali iliyowahi kumlaza mtoto hospitalini. Swali hili la mwisho huwashangaza wazazi, lakini lina msingi: mwaka 2006 ulichapishwa utafiti kuhusu kikundi kidogo cha watoto wa Tanzania wenye usonji, na kwa baadhi yao dalili zilijitokeza baada ya malaria ya namna hiyo.

Tathmini yenyewe ina sehemu mbili kubwa, mahojiano marefu na wazazi au walezi na kikao cha kumtazama mtoto akicheza na kuzungumza na mtaalamu. Kwa sehemu ya pili wataalamu wengi duniani hutumia ADOS-2, mfululizo wa michezo na mazungumzo unaochukua kati ya dakika 40 na 60, unaochaguliwa kulingana na umri na kiwango cha lugha cha anayetathminiwa. Ni chombo kizuri, nasi tunakitumia, lakini hakikutungwa Kisauni wala Likoni. Mojawapo ya michezo yake kwa watoto wadogo ni sherehe ya kuzaliwa ya mwanasesere, yenye keki na mishumaa ya kupulizwa. Mtoto ambaye kwao siku ya kuzaliwa haisherehekewi, au ambaye hajawahi kuona mshumaa isipokuwa umeme ukipotea, atatulia akitazama tu, na asiyejua mazingira yake anaweza kuandika kwamba mtoto huyo hana mchezo wa kuigiza. Tunampa basi sufuria, mwiko na kikombe, tuone kama atatupikia chai. Akitupikia, akatupa kikombe na kungoja tuseme ni tamu, tumejifunza jambo ambalo keki isingetufunza.

Macho nayo yanahitaji uangalifu. Vitabu vingi vinasema mtoto mwenye usonji hukwepa kutazamana na watu, na wazazi wameshayasoma hayo mtandaoni, lakini katika nyumba nyingi za Pwani mtoto mwenye adabu humsikiliza mkubwa huku ameinamisha uso, hasa akiwa mbele ya mgeni aliyevaa koti jeupe. (Sisi hatulivai.) Tunachokitafuta ni kama mtoto huyatumia macho kumshirikisha anayempenda. Tuktuk iliyopambwa taa ikipita dirishani, je, ataionyesha kwa kidole kisha amgeukie mamake kuhakikisha kwamba naye ameiona? Kitendo hicho hakitegemei malezi ya adabu, na watoto wengi huwa wamekianza wakikaribia umri wa mwaka mmoja na nusu. Ndiyo maana hojaji ya uchunguzi wa awali yenye maswali 20, inayotumika kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, inauliza kuhusu kuonyesha kwa kidole. Hojaji hiyo ni ya kuchuja tu. Mtoto anayeonekana na dalili kupitia maswali hayo anapaswa kutathminiwa, na wengine kati ya hao hugundulika kuwa hawana usonji.

Kisha kuna suala la lugha. Mtoto wa Mombasa anaweza kuzungumziwa Kiswahili na mama, Kigiriama na nyanya, na Kiingereza shuleni, na kila mara mtu husema kwamba lugha nyingi ndizo zilizomchelewesha. Lugha nyingi hazisababishi usonji, na hatuwashauri wazazi waache lugha yao. Tunaloomba ni kumtathmini mtoto katika lugha anayoielewa zaidi, na kuambiwa kweli kuhusu lugha anazozisikia. Siku hizi tunakutana pia na watoto wanaosema Kiingereza chenye lafudhi ya Kimarekani katika nyumba ambayo hakuna anayekizungumza hivyo. Wazazi wengine hujivunia jambo hilo, nasi hatupendi kuwaharibia furaha, lakini tunauliza: je, maneno hayo anayatumia kuomba maji, au ni vipande vya katuni anavyovirudia vilevile, kwa sauti ileile? Kurudia maneno si jambo baya, na kwa watoto wengi ndiyo njia yao ya kuingia katika lugha. Lakini mtu anayehesabu msamiati pekee atamwona mtoto huyo yuko mbele ya wenzake.

Haya si matatizo yetu peke yetu. Karibu nasi, Kilifi, watafiti akiwemo Profesa Amina Abubakar wamefanya kazi kwa miaka mingi ya kutafsiri na kujaribu vipimo vya makuzi miongoni mwa watoto wa Pwani, na kipimo kilichoundwa huko kwa ajili ya watoto wa miezi 6 hadi 35 kinatumia vifaa ambavyo mtoto wa kijijini anavifahamu. Tumejifunza kutoka katika kazi hiyo kwamba alama za kipimo haziwezi kujisomea zenyewe. Hitimisho hutolewa na watu, na kwetu hutolewa na watu watatu: daktari wa watoto, mwanasaikolojia, na mtaalamu wa tiba ya usemi. Wasipokubaliana, tunawaambia wazazi wazi kwamba hawajakubaliana, na tunapanga kumwona mtoto tena.

Kwa hiyo tunawahitaji ninyi kuliko mnavyodhani. Aje anayeshinda na mtoto, awe nyanya au yaya, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayejua kwamba mtoto hula wali mweupe tu usioguswa na mchuzi, au hulia nywele zikinyolewa kana kwamba anachinjwa. Leteni kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ripoti za shule, na video fupi za simu: akicheza peke yake, akiwa na watoto wengine, akikasirika. Msimrekebishe mtoto kabla ya kuja wala msimfunze kutuamkia.

Familia nyingi hutufikia zikiwa zimeshapita kwa mganga au kwa ustadhi. Hatumkemei yeyote kwa hilo, na anayetaka kuendelea kumsomea mtoto wake dua hana haja ya kutuficha. Tunachokikataa ni moshi, dawa za kunywa zisizojulikana, kumfunga mtoto na kumchapa. Tunakataa kwa ukali uleule wale wanaouza tiba ya kuondoa usonji kwa majina ya kisasa, iwe ni dawa za kutoa madini mwilini au chupa ya oksijeni, kwani hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa kama risperidone ambazo daktari anaweza kumwandikia mtoto anayejiumiza au mwenye hasira kali, nazo hutuliza hali hiyo tu.

Watu wazima nao wanakuja, na wengi wao ni kina mama. Mtoto anatathminiwa, mama anaulizwa maswali, na katikati ya mahojiano anasema polepole kwamba hata yeye alikuwa hivyo. Wasichana wenye akili na watulivu walipita shuleni bila mtu kuwashuku, wakiiga wenzao, wakikariri maneno ya kuanzisha mazungumzo na kurudi nyumbani wamechoka kabisa. Wengine wametibiwa kwa miaka kama wenye wasiwasi au huzuni kubwa, na huenda hayo pia wanayo. Hojaji maarufu ya maswali 50, iliyotolewa Cambridge mwaka 2001 na inayosambazwa mtandaoni, inaweza kukupa sababu ya kuja lakini haikupi utambuzi. Kwa mtu mzima tunahitaji habari za utoto wake kutoka kwa mzazi, shangazi au kaka mkubwa. Wasipokuwepo, ripoti za shule ya msingi na maoni ya walimu husaidia kuliko watu wanavyotarajia. Mtu mzima huja kwa hiari yake, na mwajiri au mwenzi wa ndoa hapati nakala ya ripoti bila idhini yake ya maandishi.

Ripoti mnayopewa inapaswa kusomeka. Ikiwa na jina la hali na alama tupu, irudisheni, hata kama tumeiandika sisi. Inatakiwa ieleze tuliyoyaona, kwa nini tumefikia hitimisho hilo na si jingine, mambo ambayo mtoto anayaweza, na hatua za miezi ijayo nyumbani na shuleni. Ni lazima tuseme pia kwamba ripoti ya kliniki binafsi haitoshi kwa kila jambo. Ili kuandikishwa katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, mwombaji hupimwa katika hospitali iliyoidhinishwa na serikali, ingawa ripoti yetu huwasaidia madaktari wa huko. Uandikishaji huo una faida zake: mtu mzima aliyeandikishwa na kupata cheti cha msamaha kutoka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Kwa upande wa shule, vituo vya EARC, vilivyoanza nchini mwaka 1984, hutathmini mahitaji ya elimu ya mtoto na kupendekeza shule au kitengo kinachomfaa. Familia isiyomudu gharama zetu inaweza kuanzia huko, au katika taasisi ya elimu maalum ya KISE kule Kasarani, Nairobi, na hatutaona vibaya.

Anayepiga simu kwetu huulizwa umri wa anayetathminiwa, lugha anayoielewa zaidi, kama masikio yamepimwa, na saa anayokuwa mchangamfu. Gharama yote hutajwa hapo hapo, pamoja na kikao cha kusomewa ripoti, ambacho hakilipiwi kando. Watoto wadogo tunawaona asubuhi, kabla ya usingizi wa mchana, na mtoto akikataa kuingia chumbani siku hiyo, miadi huahirishwa bila malipo mapya.