Kopo la dawa la Bi Mkubwa

Tanga, 20 Mei

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, na paka hajambo. Najua nimekunyamazia tangu Idi, uniwie radhi, lakini leo nina shida nawe, na shida yenyewe ina miguu miwili, iko jikoni inachoma maandazi.

Tiketi zimeshakatwa. Mimi na mama tunaondoka Dar kuja kwako Muscat tarehe 14 Juni, shule zikishafungwa. Viza zimetoka. Pasi ya mama ilikuwa imebakiza miezi minne na wanataka isipungue sita, basi tukalipa 150,000 tukaanza upya, picha, alama za vidole, na yeye kila dirisha anauliza, kwani pasi imeoza? Hayo yamekwisha. Kilichobaki ni kopo.

Unalikumbuka lile kopo la Blue Band alilokuwa akiwekea sindano na vifungo? Sasa ndilo duka lake la dawa. Vidonge vyote amevitoa kwenye maboksi, eti maboksi yanakula nafasi, akavichanganya humo: vya presha, vya tumbo, vya magoti, na vyeupe alivyopewa na Bi Zuhura ambavyo hata Bi Zuhura mwenyewe hakumbuki ni vya nini. Anavitambua kwa rangi. Sasa hivyo vya magoti, alivyoandikiwa tangu alipoteleza kisimani, ni tramadol, dawa kali ya maumivu. Wewe uko huko unajua kuliko mimi: tramadol na kodeini kwenye nchi za Ghuba si mchezo, hazipiti hivi hivi bila karatasi ya daktari. Nimemweleza. Akanijibu, "Mimi bibi wa miaka 68, natembea na bakora, nani atanidhania muuza unga?" Nikamwambia mama, mtu wa forodha haangalii bakora, anaangalia kopo. Akanuna mpaka magharibi.

Halafu kuna chanjo ya homa ya manjano. Mimi nilichanjwa zamani, na tangu 2016 hata zile kadi zilizoandikwa miaka 10 zinahesabika za maisha, kwa hiyo mkono wangu umesalimika. Yeye hajawahi, na aliyevuka 60 hachomwi tu, daktari anampima kwanza, maana kwa wazee sindano ile ina hatari yake. Tumepangiwa Jumatatu. Na lazima ipite siku 10 kabla kadi haijakubalika, kwa hiyo tukichelewa hapo... basi, sitaki hata kuwaza. Nataka siku hiyo hiyo daktari atuandikie na barua ya dawa, kwa Kiingereza, majina ya dawa, kipimo, na jina lake kama lilivyo kwenye pasi. Lakini ataandika dawa zipi, nazo zimo koponi kama njugu? Maboksi mawili nimeyaokoa jaani. Mengine ameyawashia jiko.

Mzigo nao. Kilo 30 kila mmoja. Jana nimeupeleka wa kwake kwa yule muuza mchele wa Ngamiani, akautundika kwenye mizani ya magunia: 37. Dagaa, achari, mikeka miwili ya ukindu, na kinu. Ndiyo, kinu. Kwani huko kwenu Muttrah nzima hakuna kinu? Dola nanunua kidogo kidogo. Hiyo riali yenu inanitia homa, moja inameza zaidi ya dola mbili na nusu. Nikila samaki wa riali tatu nitahesabu shilingi mpaka nifike kwenye miiba.

Habari ya kutupeleka Salalah, huko kusini ya Oman, nimemfikishia. Aliposikia kwamba watu wa Muscat wanasafiri kilomita 1,000 kwenda kutazama manyunyu na ukungu alicheka mpaka akapaliwa. "Waje Lushoto, nitawaonyesha bure." Lakini anataka kwenda, ameshauliza mara tatu kama kuna kiti cha dirishani.

Sasa ombi lenyewe. Mpigie. Mimi hanisikii, atamsikiaje aliyemnyonyesha? Wewe umekaa Uarabuni miaka 11, neno lako kwake ni fatwa. Mwambie tramadol anunue upya, zibaki kwenye boksi lake, azichukue za siku 16 tu na ile barua juu yake. Za Bi Zuhura zibaki Tanga. Sema naye kwa upole, na jela usiitaje kabisa, presha itampanda na dawa ya presha imo koponi.

Nami nijibu haya: mwisho wa Juni huko Salalah manyunyu yameshakolea, au ni mpaka Julai? Maana Julai mimi niko darasani. Nije na sweta kwa ajili ya viyoyozi vyenu, au unanidanganya kama mwaka ule? Nyumbani kwako ngazi ngapi, na bibi atapanda kwa magoti yale? Tukifika usiku Kibwana ataweza kutupokea, au ndiyo bado amenuna kwa ile habari ya Chuda? Mume wa Salma amerudi? Na kinu unacho? Kama unacho niambie upesi, nikitoe sandukuni akiwa msibani Alhamisi.

Mpigie baada ya isha, akishakunywa kahawa. Usimwambie nimekuandikia.

Shoga yako,
Rehema