Mwanangu, hiyo bima si karatasi ya ubalozi tu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma. Unasema bima ya safari yako ya kozi huko Ulaya utachukua yoyote ya bei ya chini siku ya kupeleka paspoti, kwa sababu eti "ni karatasi ya ubalozi tu mama". Hilo neno limeninyima usingizi, ndo maana nakuandikia kwa urefu, kwenye simu nikigusa tu habari ya bima unaniambia mtandao unakata.

Si karatasi ya ubalozi baba. Hao wa Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, wanataka bima isiyopungua euro 30,000, ibebe matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa, na Mungu apishe mbali, kurudisha mwili. Hawajaweka hivyo kwa kutupa usumbufu. Mwenyeji ana bima yake ya huko huko, we mgeni unaletewa bili. Ukiteleza kwenye ngazi za stesheni mguu ukavunjika, gari la wagonjwa lina bei yake, operesheni ina bei yake, kila usiku wa kulazwa una bei yake, na kukurudisha kwenye ndege umelala na nesi pembeni ni hela ambayo tukiuza kila kilichomo humu ndani hatuifikishi. Si unaona kwenye magrupu watu wanavyochangishana mtu atolewe hospitali nchi ya watu? Sitaki picha yako izunguke hivyo na namba ya michango chini yake.

Najivunia wewe, ujue. Nafasi ya hiyo kozi umeitafuta mwenyewe, barua umeandika mwenyewe, hakuna mtu aliyekushika mkono. Ila unabana hela pasipo pake, maana kwenye tiketi hukuona shida kuongeza hela upate kiti cha dirishani, kwenye bima ndo unataka ya bei ya mwisho.

Sasa kubwa ni hili. Fomu uliyoprinti ukaiacha juu ya meza nimeiona. Pale wanapouliza kama una ugonjwa wa muda mrefu umetiki HAPANA. Na pumu je? Hivi ukibanwa kifua kwenye hiyo baridi ukakimbizwa hospitali, unadhani kampuni italipa kimya kimya? Wataomba rekodi zako za matibabu, wakikuta pumu ipo miaka yote na we uliandika haipo wanaweza kukataa kulipa, hapo utakuwa umelipia bima na bima huna. Ukisema ukweli labda watakuongezea bei kidogo, au watakwambia wao pumu hawaibebi, basi tafuta wanaoibeba. Najua hupendi watu wajue, na hiyo tabia ya "niko sawa" hukuiokota njiani, umeikuta humu humu ndani. Lakini kwenye fomu andika pumu baba, na jina la dawa unayovuta liandike.

Halafu unasema ukimaliza kozi utapita Uingereza kwa rafiki yako. Uingereza haimo Schengen, bima iliyoandikwa Schengen peke yake inaishia mpakani, kwa hiyo waambie nchi zote utakazokanyaga. Na tarehe zianzie siku unayotoka nyumbani, si siku ya darasa la kwanza.

Begi nalo. Viza inalazimisha bima ya mambo ya afya tu, begi likipotea au safari ikivunjika hiyo haikulipi mpaka ulipie kipengele chake. Begi likichelewa usitoke uwanjani bila kuripoti na kupewa karatasi, na hata shirika la ndege lina muda, begi lililoharibika unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa siku 21 tangu ulipolipokea. Risiti tunza. Na usingoje dakika za mwisho, bima hailipi balaa ambalo limeshajulikana. Mwaka 2010 volkano ya Iceland ilimwaga majivu ndege zikasimama karibu Ulaya nzima kwa siku kadhaa, aliyekimbilia kukata bima majivu yakiwa tayari angani alikuwa kachelewa.

Namba yao ya dharura usiiweke kwenye simu tu, simu inaibiwa. Iandike kwenye karatasi pamoja na namba ya bima, moja ikae kwenye pochi, nyingine niachie mimi. Ukiumwa wapigieni wao mapema, we au utakayekuwa naye, maana wengine ukilazwa bila wao kujua wanasumbua kulipa. Na pikipiki za kukodi ziache, leseni ya pikipiki huna, ukianguka bila leseni watakataa.

Nimeandika sana, baba yako ananiambia nikuache upumue. Yeye kutwa anahangaika na bomba la bafuni, limeanza tena kuvuja, na mdogo wako ameshahamishia nguo zake kwenye kabati lako kama vile umeshaondoka, nimemwambia azitoe. Zile soksi nzito nimezifua. Fomu nimekuwekea juu ya kitanda chako na kalamu, nimeizungushia ile sehemu ya ugonjwa. Uijaze upya leo leo kabla hujalala, ukishalipa nitumie picha ya cheti nione kama jina limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye paspoti.

Mama yako