Nauli ya Kumrudisha Rehema Sitaituma

Kaka Salehe,

Shikamoo. Mama mfikishie shikamoo yake, wifi na watoto salamu nyingi. Ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Nyuma yako nilisikia jogoo wa kwa Mzee Hemedi na Mama akiuliza kama nimekula, nikabaki jikoni na simu mkononi hata chai ikapoa.

Kilichobaki kwenye ujumbe ule kimeniuma. Kikao kimekaa kwa Baba Mdogo, kimeamua Rehema aache chuo huku Marekani arudi nyumbani kwa kuwa ana mimba na "shule ndiyo imekwisha hivyo", na kazi yangu mimi ni kutuma nauli. Kaka, katika ukoo wote anayekula mshahara kwa kushughulikia mambo haya haya chuoni ni mimi, na tangu Januari ndiye ninayewafundisha wanaosikiliza mashauri yenyewe. Hakuna aliyeniuliza, wala Rehema hakuulizwa. Nauli sitaituma. Nisome mpaka mwisho, kisha umsomee na Baba Mdogo.

Hofu yenu naijua inatoka wapi. Sisi tuliona mabinti wakipangwa mstari kupimwa mimba, na ni mpaka Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba aliyejifungua aweza kurudi kwenye shule ya kawaida. Mwanahamisi alitushinda sote kwa akili, na leo yuko wapi? Lakini Rehema hayuko kwenye shule ile. Marekani kuna sheria inayoitwa Title IX, Rais Nixon aliitia saini tarehe 23 Juni 1972. Inakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake katika elimu yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, na vyuo karibu vyote vinazipokea, hata vya binafsi, kwa kuwa wanafunzi wao hulipiwa kwa misaada na mikopo ya serikali. Mmoja wa walioipigania Bungeni ni Patsy Mink wa Hawaii. Alitaka kuwa daktari, vyuo vya udaktari vikamkataa kwa uanamke wake, akaishia kusomea sheria. Kila nikimwona Rehema na vitabu vyake vya uuguzi namkumbuka mama yule.

Mimba imo kwenye kanuni za sheria hiyo tangu 1975. Ujauzito, kujifungua, mimba kutoka, na muda wa kupona, vyote chuo kinatakiwa kivichukulie kama kinavyochukulia maradhi mengine ya muda. Hata mimba ya uongo, ile mtu anayodhani anayo kumbe hana, imetajwa kwa jina. Maana yake ni kwamba aliyevunjika mguu akipangiwa mtihani siku nyingine, mwenye mimba naye apangiwe. Cheti cha daktari asidaiwe kama wagonjwa wengine hawadaiwi. Daktari akisema anahitaji wiki nane za kupumzika, apewe wiki nane, hata kama chuo hakina utaratibu wa likizo kwa wanafunzi, na akirudi aikute nafasi yake vilevile alivyoiacha. Kumwondoa kwenye mafunzo ya wodini kwa sababu tumbo limeonekana ni ubaguzi. Kumnyang'anya ufadhili kwa sababu hiyo ni ubaguzi pia.

Panapoharibika ni kwa mhadhiri mmoja mmoja. Utasikia, "Mimi kwenye somo langu akikosa vipindi vitatu amefeli." Sheria inakibana chuo kizima, kwa hiyo masharti ya mhadhiri hayawezi kuishinda. Ila mhadhiri hajui, na binti akinyamaza hakuna atakayemwambia. Ndiyo maana nimemwambia Rehema asianze kwa mhadhiri. Aanze kwa Mratibu wa Title IX, ofisa wa chuo anayeisimamia sheria hii, ambaye jina, simu na barua pepe yake chuo kinalazimika kuviweka kwenye tovuti. Tumeiandika barua pamoja na haikuzidi nusu ukurasa: tarehe ya matazamio (mwisho wa Septemba), masomo yake yote, siku za kliniki, na anachokitaka kitu kwa kitu. Meza na kiti cha kawaida, kwa maana ukumbi wao una vile viti vyenye kibao cha kuandikia kilichoshikamana na mkono, na kufika Agosti tumbo halitapita. Ruhusa ya kwenda msalani katikati ya mtihani bila saa kuendelea kumhesabia. Njia ya kufidia alama za mahudhurio atakazokosa. Anayeandika "naomba msaada" hupewa pole. Anayetaja kiti hupewa kiti.

Sasa sikiliza hili, kwa kuwa ndilo lingemwangusha. Mwezi wa pili kichefuchefu kilimzidi, mhadhiri wa kemia kwa huruma akamwambia aliache somo. Kuacha somo huku ni kubofya kitufe kimoja kwenye kompyuta. Lakini mwanafunzi wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, anayesomea shahada ya kwanza lazima awe na krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa muhula, na akishuka chini yake kabla ofisa wa wanafunzi wa kigeni hajaidhinisha kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, amevunja masharti ya viza, hata kama chuo chenyewe kimeridhia. Dawa ipo na ni rahisi: barua ya daktari kwanza, idhini ya ofisa pili, kitufe mwisho. Kwa sababu za kiafya anaweza kupunguziwa masomo, hata yote, ila idhini huombwa upya kila muhula na jumla isizidi miezi 12 kwa ngazi hiyo ya masomo. Bima nayo aiulize kabla ya kupunguza, maana bima nyingi za vyuo hufuata idadi ya krediti.

Na hapo ndipo nauli yenu ingefanya madhara. Akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi mitano, rekodi yake ya SEVIS kwa kawaida imekufa. Aombe karatasi mpya za chuo, alipe tena dola 350 za SEVIS, labda akapange foleni ya viza upya huku ana mtoto mchanga mgongoni. Yote hayo kuikimbia sheria ambayo iko upande wake.

Shangazi Mwajuma naye ameniuliza kwa kunong'ona kuhusu Zuhura anayekuja Agosti, kama ni kweli mabinti huku wanasumbuliwa. Ndiyo, wanasumbuliwa, na wavulana pia, nao sheria inawalinda. Rushwa ya ngono ipo, kulazimishwa kupo, kufuatwafuatwa kupo. Mwambieni Zuhura mambo haya kabla hajapanda ndege.

Akifikwa na shambulio la ngono, asioge na asifue. Nguo azitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa plastiki inafungia unyevu na ushahidi unaoza. Hospitali itamfanyia uchunguzi bila malipo hata kama hataki kwenda polisi, lakini saa zinahesabika, siku tatu mpaka tano kutegemea jimbo, na mapema ndiyo bora. Jumbe za simu asizifute, hata zile zinazomtia aibu. Azipige skrinshoti zenye tarehe.

Kisha ajue anazungumza na nani. Mshauri nasaha wa chuo, daktari, kiongozi wa dini: hawa kwa kawaida hutunza siri. Mhadhiri na msimamizi wa bweni, vyuo vingi vinawataka wapeleke taarifa kwa Mratibu. Tena kutoa taarifa na kufungua malalamiko rasmi ni mambo mawili, na wengi huyachanganya wakanyamaza kwa kuogopa kesi. Kwa taarifa tu anastahili kusaidiwa bure: kuhamishiwa kundi lingine la maabara, kubadilishiwa chumba, kuongezewa muda wa kazi, na amri ya kutowasiliana. Hakuna kesi hapo, na wala mtu hajaadhibiwa.

Akitaka kesi, aandike malalamiko na kuyatia saini, hata kwa barua pepe. Mlalamikiwa hupewa notisi ya maandishi na huhesabiwa hana kosa mpaka uamuzi utoke. Ushahidi wote huonyeshwa pande zote mbili, nazo hupewa angalau siku 10 kuujibu. Ripoti ikikamilika, siku 10 nyingine kabla ya shauri kusikilizwa. Pale Zuhura hatahojiwa na mtuhumiwa mwenyewe: wanaohoji ni washauri wa pande mbili. Asiye na mshauri chuo humpa bure, na akiomba akae chumba kingine wakionana kwa video, atakubaliwa. Baada ya uamuzi kuna rufaa. Suluhu ya kuelewana ipo kwa anayeitaka kwa hiari, lakini si pale mfanyakazi wa chuo anapotuhumiwa kumnyanyasa mwanafunzi.

Kuchelewa kunagharimu. Mtuhumiwa akihitimu, chuo kinaweza kulifuta shauri. Tukio likitokea nje ya nchi, au kwenye nyumba ya mtu isiyohusiana na chuo, linatoka kwenye Title IX na kubaki na kanuni za nidhamu za chuo chenyewe. Chuo kikimpuuza, aandikie Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ndani ya siku 180. Huko majibu yanasuasua, kwa sababu Machi 2025 ofisi 7 kati ya 12 za mikoa zilifungwa, kwa hiyo asiitegemee peke yake. Na asisome vipeperushi vya zamani. Kanuni za Title IX za 2024 zilifutwa na mahakama tarehe 9 Januari 2025, zinazofuatwa ni za 2020, ila karatasi za 2024 bado zimebandikwa kwenye kuta nyingi.

Kaka, sijapata kukubishia tangu Baba alipotuacha, na kukubishia kwa barua kunanitetemesha mkono. Juzi Rehema amepata A ya anatomia, kichefuchefu na yote. Hakuwaambia kwa sababu tangu kikao kile hakuna aliyempigia. Wifi aliyemfunga nywele siku ya safari naye yuko kimya, na mtoto anaona.

Fedha mlizoomba nimeziweka kando kwa bima yake ya muhula wa Agosti. Za bati la kwa Bibi zitakuja mwisho wa mwezi kama nilivyoahidi, msiziunganishe na haya. Alhamisi saa tisa alasiri ya huku, kwenu saa nne usiku, Rehema anakaa na Mratibu na ofisa wa wanafunzi wa kigeni pamoja, nami nitakuwa pembeni yake. Mpigie kabla ya hapo. Hata akisikia tu umesema "mwanangu", inatosha.

Mdogo wako,
Asha