Dodoso la utulivu wa akili lisomwe kwanza na watoto wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini nizungumzie dodoso walilojaza wanafunzi wa darasa la sita mwezi uliopita. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya msingi wilayani Muheza. Wageni wa mradi mmoja walikuja kupima utulivu wa akili, yaani kama akili ya mtoto iko pale alipo au inatangatanga.

Kipimo chenyewe kilichapishwa Marekani mwaka 2011 na Laurie Greco na wenzake, kwa ajili ya watoto wa miaka 10 hadi 17. Kina sentensi 10, zote zikieleza kutotulia. Anayejibu si kweli kabisa hupewa 4, anayejibu kweli kila wakati huambulia 0.

Sentensi mojawapo yataka kujua kama mtoto huenda darasa moja hadi jingine bila kutambua anachofanya. Kwetu watoto hawahami darasa, tunaohama ni walimu. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi siendi darasa jingine, nijaze nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Iliyoniumiza zaidi ni ile ya kuamini kwamba baadhi ya hisia zako ni mbaya na hupaswi kuwa nazo. Karibu darasa zima walijibu kweli. Nilipowauliza baadaye ni hisia gani hizo, wakanitajia husuda na kiburi. Ndivyo walivyofundishwa madrasa na kanisani, na mimi pia nimewafundisha hivyo. Kwa malezi hayo wakapunguziwa alama!

Yule binti alipata 11 kati ya 40. Kila alfajiri humsaidia mama yake kuuza maandazi stendi, na chenji hakosei. Mwenzake akiwa na homa, yeye ndiye huja kuniambia kabla sijagundua.

Sipingi watoto kupimwa. Wapo wenye mawazo mazito, nami ningependa kujua nikae na nani. Ninachoomba ni tafsiri isomwe kwanza na watoto wachache, kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameelewa nini, ndipo alama zihesabiwe. Ni kazi ya asubuhi moja chini ya mwembe. Wageni wameshaondoka, lakini orodha ya wasiotulia imebaki ofisini kwetu, na jina la binti huyo ni la tatu.

Mwalimu wa malezi,
Muheza, Tanga