Wanangu, acheni kutegeana

Wanangu hamjambo, mzee wenu nimeona niwaandikie wote kwa pamoja maana nikimwambia mmoja mmoja kila mtu ananijibu hilo ni la wenzake.

Kinachonikera sio ulevi wala uvivu, hayo yana wasemaji wengi. Ni huku kutegeana. Bomba limepasuka njiani, watu wanapita siku nzima na kila mmoja anaamini kuna mwenzie ashapiga simu, mpaka jioni maji bado yanamwagika. Mtasema wahusika wazembe, sawa, na mi nawalalamikia sana tu, ila ile simu nani aliwakataza kupiga?

Msidhani nawaonea nyie vijana, binadamu wote ndo tulivyo. Mfaransa mmoja mhandisi wa kilimo, Max Ringelmann, mwaka 1913 alichapisha matokeo ya watu aliowavutisha kamba, akakuta wakizidi kuwa wengi kila mmoja anavuta kidogo kuliko anavyovuta peke yake. Afu 1968 kule Marekani wanasaikolojia wawili, Darley na Latané, wakawasikilizisha wanafunzi sauti ya mwenzao anashikwa na kifafa chumba kingine (ilikuwa imerekodiwa, hakuna aliyeumwa), basi waliodhani wanaosikia ni wao peke yao asilimia 85 walitoka kuita msaada kabla ile sauti haijakatika, waliodhani kuna wengine wanne wanasikia ni 31 tu. Na hapo ndo pananigusa mimi, maana wale waliobaki wamekaa hawakuwa na roho mbaya, mikono ilikuwa inatetemeka na viganja vinatoka jasho, walikuwa na huruma kabisa ila hawakunyanyuka.

Kwahiyo nyie mkiniambia jamani mzee sisi tuna nia nzuri, najua, sijabisha. Nia mnayo. Ila kikao kikiisha kwa "tutalishughulikia" mi najua hapo hakuna kitu, tuta nani? Semeni fulani atafanya, Ijumaa, na akikwama aseme Jumatano sio aje kujieleza wiki ijayo watu washaumia. Hata mtu akianguka barabarani usipige kelele jamani saidieni, mnyooshee mmoja kidole, wewe wa shati jekundu piga simu, utaona anapiga.

Mkikaa tena leteni orodha ya kazi zenu, kila kazi na jina la mtu mmoja, sio "kamati". Mi ntaanza kuuliza kwa wazee wenzangu, maana na sisi tuna zetu tumezilalia.

Mzee wenu