Barua kwa swahiba wangu anayeingia mwaka wa pili wa uzamivu

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na kwa barua yako nimejua nawe hujambo, ingawa umechoka. Niliisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa bado nimesimama mlangoni, mara ya pili usiku baada ya watoto kulala. Hongera sana kwa pendekezo lako la utafiti kupita. Najua ulivyolihangaikia.

Ila ni ile aya ya mwisho iliyonikalisha na kalamu. Unasema idara imewapa orodha ndefu ya mafunzo ya stadi na ajira. Msimamizi wako ameitupia jicho akasema, "Hayo yatakula muda wako." Wewe mwenyewe unaona ni mambo ya watu wa maabara, hayamhusu mwanahistoria anayeshinda kwenye nyaraka. Kisha unaniuliza: niende au niache?

Nenda. Lakini usiende kama nilivyokwenda mimi.

Mwaka wangu wa kwanza nilijiandikisha katika kila kitu. Siku mbili za takwimu, nusu siku ya uandishi wa makala, asubuhi nzima ya kupanga muda. Nilikuwa na vyeti sita kabla sijachota sampuli hata moja ya udongo. Mkufunzi wa takwimu alikuwa mzuri, tena mvumilivu, lakini tulifanyia mazoezi ile data ya maua 150 ya irisi ambayo mwanatakwimu Ronald Fisher aliitumia mwaka 1936 na walimu wanaifundishia hadi leo. Ni data safi, kila namba imekaa mahali pake. Nikatoka nikiamini nimeshajua.

Miaka miwili baadaye nikafungua majedwali yangu mwenyewe. Nilikuwa nimepaka seli rangi: manjano kwa sampuli za msimu wa mvua, nyekundu kwa zile nilizozitilia shaka. Programu za takwimu hazisomi rangi. Mahali pengine niliandika namba na kizio chake ndani ya seli moja, kompyuta ikaona maneno tu. Tarehe nyingine zilianza na siku, nyingine na mwezi. Wiki saba zilipotea nikirudi kwenye madaftari ya shambani, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta sampuli ipi ilikuwa ya manjano na kwa nini. Nililia, nakwambia kweli. Nililia kwa sababu jambo lile lingeweza kuzuilika kwa saa mbili za mafunzo katika wakati unaofaa.

Kilichoniokoa kilikuwa warsha ya siku mbili kwa mtindo wa Software Carpentry, ulioanzishwa mwaka 1998 kuwafundisha watafiti kazi ya kompyuta. Mkufunzi huandika amri moja baada ya nyingine mbele yenu, nanyi mnaandika pamoja naye. Ukikwama unabandika kikaratasi cha rangi juu ya kompyuta yako, na msaidizi anakuja bila wewe kunyoosha mkono na kuona haya. Wakati wa mapumziko nilimwonyesha msaidizi mmoja majedwali yangu. Akavuta kiti. Niliyojifunza katika dakika zile arobaini sijayasahau mpaka leo, na yale ya siku mbili za mwaka wa kwanza yalishafutika. Mara ya pili niliingia na kazi yangu mkononi. Mara ya kwanza niliingia mikono mitupu.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Ukiichukua ile orodha, usijiulize ni mafunzo gani yanavutia. Jiulize ni kazi gani inakungoja ndani ya miezi sita ambayo leo huiwezi, kisha tafuta mafunzo ya kazi hiyo, uyahudhurie ukiwa na vitu vyako, na juma lilelile uvifanyie kazi. Yasiyo na kazi ya kuyapokea, yaache mwaka huu.

Kwa barua yako nimeona kazi tatu zinazokuja. Una barua za zamani zilizoandikwa kwa mkono, na umekiri kwamba nyingine huwezi kuzisoma. Una wazee unaotaka kuwahoji. Na una maelfu ya picha za nyaraka ndani ya simu na kompyuta, zikiwa na majina zilizopewa na kamera.

Kusoma hati za kale ni stadi yenye walimu wake, na hujifunzwa kwa kukaa na ukurasa mmoja pamoja na mtu aliyeuzoea mwandiko huo. Nenda na barua ile inayokushinda zaidi. Tena siku hizi kuna programu ya Transkribus, iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Innsbruck, inayoweza kuzoeshwa kusoma mwandiko wa mtu fulani kwa kupewa kurasa ambazo wewe umeshazinakili kwa usahihi. Umeona ilivyo? Mashine inasubiri kazi ya jicho lako kwanza. Mwanahistoria aliyejifunza kusoma hati vizuri ndiye ataiongoza, na ndiye atakayegundua inapokosea jina la mtu au mwaka.

Mafunzo ya kuhoji wazee usiyaache hata kidogo. Utajifunza namna ya kuomba ridhaa na kuieleza kwa lugha anayoielewa mwenyeji wako, namna ya kurekodi mahali penye kelele, na nini cha kufanya mzee akikwambia jambo kisha akaomba lisiandikwe. Haya hayatengenezeki baadaye. Jedwali baya nililirekebisha kwa wiki saba. Mzee akishafariki, au akishakosa imani nawe, humrudii tena.

Kuhusu picha, hudhuria yale ya utunzaji wa data, hata kama jina lake linakuchosha. Andika jina la faili linalobeba hifadhi, namba ya jalada, tarehe na ukurasa. Weka nakala tatu, moja iwe mbali na ulipo. Sina zaidi ya kusema hapo, ila ianze wiki hii.

Sasa hilo la kwamba ni mambo ya watu wa maabara. Ni kweli chimbuko lake kwa sehemu kubwa ni upande wetu. Mwaka 2002 Gareth Roberts aliiandikia serikali ya Uingereza ripoti kuhusu uhaba wa wanasayansi na wahandisi, akapendekeza wanafunzi wa uzamivu wapewe angalau wiki mbili za mafunzo kila mwaka, hasa ya stadi zinazohamishika kutoka kazi moja kwenda nyingine. Lakini jambo halikubaki huko. Mwaka 2010 shirika la Vitae lilitoa mfumo wa kumkuza mtafiti wa taaluma yoyote, wenye nyanja 4 na vipengele 63, kuanzia kufikiri kwa kina hadi kushirikisha umma. Na Chama cha Wanahistoria cha Marekani, watu wa fani yako hasa, kilipochunguza kile ambacho wahitimu wao wa uzamivu walitamani wangefundishwa, kilitaja mambo matano: mawasiliano, ushirikiano, uelewa wa namba, stadi za kidijitali, na kujiamini kitaaluma. Hilo la tano lilinigusa sana. Wanahistoria hao wenyewe waliona kwamba mtu anaweza kuhitimu akiwa na maarifa tele, bado akaogopa kuyapeleka mahali pasipo pake.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Hujapata kuisikia habari hii kutoka kwangu. Miezi minne baada ya kuhitimu niliitwa kwenye usaili, kazi nzuri, nje ya chuo. Mama mmoja aliyekaa mwisho wa meza akaniuliza: "Tueleze lini uliongoza watu ambao huna mamlaka juu yao." Nikawaeleza kuhusu tasnifu yangu. Sura ya pili, sura ya tatu, mbinu za kupima kaboni ya udongo. Walinisikiliza kwa adabu. Sikuipata kazi.

Baadaye nilimwendea mshauri wa ajira, ambaye ofisi yake ilikuwa wazi kwangu miaka yote minne na sikuwahi kubisha hodi. Hakuniuliza kuhusu tasnifu. Aliniambia nisimulie siku moja tu ya shambani, tangu nilipoamka. Nikamsimulia jinsi nilivyozungumza na wenye mashamba waliokuwa wamekataa, nilivyowafundisha wasaidizi wawili kuchimba kwa kina kilekile kila mara, nilivyobadili ratiba gari lilipoharibika na bado fedha zikatosha hadi mwisho wa msimu. Yeye anaandika tu. Kisha akanigeuzia karatasi: majadiliano, kufundisha, usimamizi wa bajeti, maamuzi katika dharura. Yote nilikuwa nayo siku ile ya usaili. Nilikosa majina yake tu, na mtu wa nje ya fani hawezi kulipa kitu ambacho mwenyewe hujakiita jina.

Kwa hiyo nakusihi, nenda kwa mshauri wa ajira mwaka huu, usingoje mwaka wa mwisho. Kwenda kwake si kuisaliti taaluma. Najua hofu hiyo, niliibeba mwenyewe, na najua wapo wanaowatazama vibaya wanafunzi wanaouliza kuhusu kazi nje ya chuo. Lakini tazama hali ilivyo. Mwaka 2010 Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilichora njia wanazopita wenye uzamivu wa sayansi nchini humo: walioishia kwenye nafasi za kudumu za utafiti vyuoni walikuwa asilimia 3.5, na waliofikia uprofesa asilimia 0.45. Zaidi ya nusu walitoka nje ya sayansi mara tu baada ya kuhitimu. Fani yako ina takwimu zake, na nchi zinatofautiana, ila sioni kwa nini mtu aandaliwe kwa mlango mmoja mwembamba na afichwe milango mingine. Hilo linaniuma, na nitaendelea kulisema kila nitakapopata nafasi.

Umetaja pia nafasi ya kufanya kazi miezi mitatu kwenye jumba la makumbusho. Mimi ningeichukua. Zipo programu zinazofanya jambo hili kuwa sehemu ya shahada yenyewe: baraza la utafiti wa bayolojia la Uingereza, BBSRC, liliweka miezi mitatu ya kazi isiyohusu mada ya tasnifu kwa wanafunzi wa programu zake za mafunzo ya uzamivu, na katika zile za kiviwanda za Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili watafiti, nusu ya muda au zaidi mtafiti huwa nje ya chuo. Lakini kabla hujasema ndiyo, pata maandishi yenye mambo haya: posho yako itaendelea au itasimama, tarehe ya kuwasilisha tasnifu itasogezwa au la, na nyaraka utakazozishughulikia unaruhusiwa kuzitumia katika utafiti wako au ni zao. Mtu akikujibu "tutaona", omba tena, kwa upole, kwa maandishi.

Sasa msimamizi wako. Usimfiche, wala usibishane naye kuhusu mafunzo kwa ujumla. Mzee wa watu ana haki ya kuogopa. Ameona wanafunzi wakikimbilia warsha ili wasiandike, na mimi pia nimewaona. Mwendee na sura ya tasnifu. Mwambie: "Mwalimu, sura ya tatu inategemea barua hizi, na theluthi yake siwezi kuzisoma. Naomba siku tatu mwezi ujao, na baada yake nitakuletea nakala ya barua kumi." Hapo humwombi ruhusa ya kuacha kazi. Ukizileta zile kumi, ombi la pili litakuwa jepesi. Na usome vizuri barua yako ya ufadhili, kwa maana nyingi zina fungu la mafunzo ambalo wanafunzi hawalijui, na mara nyingi fedha isiyotumika mwaka huu haivuki kwenda mwaka ujao.

Uandishi wa makala usiungoje chuo chako tu. AuthorAID, mpango ulioanzishwa na shirika la INASP mwaka 2007, huwaunganisha watafiti wa nchi zinazoendelea na walezi wenye uzoefu, na hutoa kozi mtandaoni bila malipo. Ingia huko ukiwa na rasimu, hata kama ni mbovu. Mlezi bila rasimu hana pa kushika.

La mwisho ni yale mashindano ya kueleza tasnifu kwa dakika tatu unayosema yanakutisha. Yalianzia Chuo Kikuu cha Queensland mwaka 2008: dakika tatu, slaidi moja isiyosogea, hakuna kifaa kingine. Jiandikishe. Ushindi usikusumbue. Nilipojiandaa kwa yangu niligundua kwamba sikuweza kusema kwa nini utafiti wangu una maana bila kutumia maneno ambayo mama yangu hayajui. Nilifuta na kuandika upya mara tisa. Aya niliyobaki nayo ndiyo iliyofungua utangulizi wa tasnifu yangu, na miaka miwili baadaye ndiyo niliyoisema kwenye usaili nilioajiriwa.

Fanya hivi: kabla ya Jumapili, andika ukurasa mmoja wa yote uliyoyafanya wiki hii, hata yale unayoyaona madogo, kama kumshawishi mtunza nyaraka akufungulie jalada. Nitakupigia Jumapili jioni. Utanisomea ukurasa huo, kisha utanieleza tasnifu yako kwa dakika tatu, nami nitashika saa.

Wako daima,
Swahiba wako wa udongo