Hekalu la Ise si jipya

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe la moyoni kuhusu hekalu la Ise, la dini ya jadi ya Kishinto, kule Japani. Mwenzetu mmoja katika msafara alisema kwa sauti, tukiwa palepale, "Kumbe limejengwa 2013! Ukale uko wapi?" Neno hilo liliniuma, na tangu nirudi nimelisikia tena kwa wengine.

Mimi ni seremala, miaka 31 sasa. Ise nguzo huchimbiwa ardhini moja kwa moja, bila msingi wa mawe, na paa huezekwa kwa nyasi. Fundi yeyote anajua mti uliozikwa kwenye udongo wenye unyevu hauna maisha marefu. Basi wao hujenga upya kila baada ya miaka 20, kwa umbo lilelile, tangu mwaka 690. Vita viliwahi kuukatiza utaratibu huo kwa zaidi ya miaka 100, wakaurudia. Kijana anayebeba mbao leo, ujenzi ujao atashika randa mwenyewe, na ule wa tatu atafundisha. Huo ndio ukale niliouona mimi.

Wala mti hautupwi. Malango ya torii kwenye ncha mbili za daraja la Uji, la kuingilia hekaluni, yametokana na nguzo za majengo makuu ya zamani. Nilisimama chini yake hadi wenzangu wakanipita.

Kabla ya kusogea mbele unanawa. Unachota maji kwa kata, unaosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, unasukutua kwa maji ya kiganjani, maana kata haiguswi kwa mdomo. Mwisho unaisimamisha wima, maji yaliyobaki yateremke yauoshe mpini kwa ajili ya anayefuata. Mpini! Hilo sitalisahau.

Juu ya ngazi za mawe za kupandia jengo kuu, kupiga picha ni marufuku. Mbele yako liko pazia jeupe tu. Unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena. Upepo ukaliinua pazia kidogo, kisha likatulia.

Mkiandika tena habari za Ise, msiishie kwenye mwaka wa jengo. Waulizeni mafundi. Kiwanja cha jirani, litakaposimama jengo lijalo, kiko wazi kikisubiri 2033, na matayarisho yameshaanza.

Wako,
Seremala, msomaji wa siku nyingi